Pimbi Agombea Bwawa

Masikio yapo?
Yapo.
Yako wazi?
Wazi kabisa.
Basi tegeni, nami nisimulie.

Hapo kale bwawa lilikuwa moja tu, na mwenyekiti wake alikuwa Kiboko. Akinywa, gubu gubu gubu. Akilala, alilala katikati, maji yote yake. Kazi ya usalama alimpa Bi Pimbi, mdogo wa mwili, mkali wa macho. Pimbi alikaa juu ya jabali. Akiona mgeni, kwii. Akisikia wananchi wananong'ona, kwii. Kiboko anatoka, pu, pu, pu, na mnong'onaji anakiona cha moto.

Siku moja ya kiangazi Pimbi alipiga kwii, na aliyefukuzwa alikuwa Swala, mama mwenye mtoto mgonjwa. Swala alimtazama tu. "Dada, mwanangu alitaka funda moja."

Siku ile Pimbi hakupiga kwii tena. Kesho yake akamwendea Kiboko.

"Mzee, kazi ya jabalini nimeacha. Nagombea uenyekiti."

Kiboko akacheka mpaka maji yakafurika. "Kwa kimo hicho?"

"Kwa kimo hiki hiki."

"Haya. Ila niachie majina kwanza. Nani wananitaja taja huko vichakani? Hao hawatapiga kura."

Pimbi akawaza kidogo. "Wanaokutaja asubuhi na jioni, mzee, ni Fisi, Ngiri na Kima."

Hakusema uongo. Walimtaja kweli, wakimsifu ili wapate kunywa.

Siku ya kura Kiboko akasimama njiani. Akaja Fisi. "Rudi." "Mzee, mimi wako." "Rudi, msaliti." Akaja Ngiri. "Rudi." "Mzee, mimi wako." "Rudi." Kima naye akarudishwa, analia. Wengine wote wakapita, kila mmoja na kokoto yake, wakatumbukiza katika kibuyu cha Kiboko au cha Pimbi: tik, tik, tik. Kuhesabu, Kiboko ana kokoto moja, aliyoitia mwenyewe.

Akanguruma. "Umenidanganya. Nitakukanyaga."

Pimbi hakurudi nyuma. "Uliuliza nani wanakutaja, nikakujibu. Uliniajiri nisikilize, nami nimewasikiliza hawa miaka saba. Sasa sogea, mama Swala anyweshe mwanawe."

Wanyama wakaja wakasimama nyuma yake. Kiboko akatazama kushoto, akatazama kulia, akasogea.

Funzo lake? Mtu wa usalama awe mtiifu, asiguse siasa, na asipime mkubwa wake anakunywa kiasi gani. Ndivyo Kiboko anavyowafunza wanawe, kule pembeni kwenye tope.

Mimi mzigo nimeutua. Anayeutaka, aubebe.