Jina la Mtoto wa Nyamizi

Haya, sogeeni. Wenye mimba wakae mbele, na anayelionea aibu tumbo lake aiache hiyo aibu nje.

Walikuwepo wanawake watatu. Kabula alikuwa na jicho, humfichi kitu. Minza alikuwa na miguu, na baiskeli ya marehemu baba yake. Bibi Holo, mkunga wa kijiji, alikuwa na mdomo. Ule mdomo, Mungu wangu!

Nyamizi, mke wa kaka yake Kabula, alikuwa na mimba ya miezi saba na hajakanyaga kliniki. Mama mkwe alikataa katakata. "Mimba ya kwanza haitangazwi. Unataka wakuroge?" Basi akajifunika kanga mbili, huku kichwa kinamgonga.

Kabula akamwona. "Wifi, mbona ndala hazikuingii? Na uso umeumuka? Mimi kliniki niliambiwa, hiyo ni presha ya mimba. Inaua mama na mtoto."

Nyamizi akaogopa, halafu akapandwa na hasira. Akamkabili mama mkwe. "Mama, naenda. Heri nirogwe nikiwa hai!"

Minza akamkalisha kwenye karia ya baiskeli, wakaanza safari ya kilomita kumi na mbili za mchanga. Mnyororo ukakatika katikati ya njia. Akasukuma hivyo hivyo mpaka kliniki.

Pale mwandikishaji hakuinua hata kichwa. "Mume yuko wapi? Kama hayupo, kalete barua ya mwenyekiti wa kijiji."

Mume alikuwa machimboni. Nyamizi akaona giza. Bibi Holo, aliyekuwa amemleta mzazi mwingine, akaja akaziba mlango kwa mwili wake. "Baba, mwenye mimba ni huyu au ni mwenyekiti? Mpime! Sitoki mimi, na wewe hutoki."

Kelele zile zikamtoa nesi ndani. Akapima presha, akashtuka, akaita gari la wagonjwa. Nyamizi akapona, na mtoto wa kike akazaliwa mzima.

Sasa ni jina: mtoto apewe la aliyemwokoa mama yake. Kabula anasema, "Bila mimi mngemzika na kanga zake." Minza anamjibu, "Ungembeba mgongoni wewe?" Bibi Holo anacheka. "Mlimfikisha, wakataka kumrudisha!"

Mama mkwe naye, bila haya, anataka mjukuu aitwe jina lake.

"Mama, unisamehe," kasema Nyamizi, "lako halimo."

Lakini kati ya wale watatu ameshindwa kuchagua, na nesi ameshika kalamu juu ya kadi ya mtoto. Je, wewe ungemwambia aandike jina la nani? Usiniangalie mimi. Sema!