Kofia ya Bosi Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakifunga milango kwa komeo na kupigiana hodi kama sisi, kulikuwa na timu ya mpira, haya sogeeni, mlango nimeshaukaza, huyo mdogo mpakateni vizuri, kulikuwa na timu ikiitwa Mto Mweupe. Jina lenyewe halikudumu. Mwenye timu, Bosi Kiboko, alilifuta akaandika "Kiboko na Viboko Wenzake". Na kiboko katika timu nzima alikuwa mmoja tu, yeye.

Mngeliona lile jitu! Kofia kubwa ya ukindu kichwani, kipaza sauti mkononi, anakaa pembeni ya mstari na kuunguruma: "Hapa nani mwenye timu?"

Na wote, wachezaji, mashabiki, hata timu ya wageni: "Wewe, Bosi!"

Msimu mmoja alifukuza makocha kumi na mmoja. Wa mwisho, Kobe, alifukuzwa akiwa bado yuko njiani anakuja kuanza kazi. Timu ikizidiwa, Bosi anaingia golini na suti yake, anakaa, pwata! goli limejaa, mpira upite wapi? Mechi haikwisha mpaka ashinde, moja ilichezwa siku tatu, mwamuzi Kasuku akapuliza filimbi mpaka akapoteza sauti. Majani ya uwanja aliyala mwenyewe. Na Swala, mshambuliaji wetu hodari, alimpeleka kwa mkopo kwenye timu ya Simba. Mpaka leo hajarudi, na ukiwauliza watu wa Simba wanachokonoa meno tu.

Hayo yanachekesha, eti? Sasa sikieni lisilochekesha. Siku moja mashabiki walimzomea. Akakasirika, akauzungushia uwanja miiba mwezi mzima. Na uwanja ule ndio ulikuwa mahali pekee pasipo na kichaka, mahali ambapo mama angeweza kuchambua mboga huku anamwona mwanawe. Watoto wakaenda kuchezea vichakani, anakokaa Chui. Mpira ukabingirika, mtoto wa Sungura akaufuata.

Mpira ulipatikana.

Basi Bosi akafa. Alikuwa anamfokea Kasuku kwamba mchezaji wake hakuotea, akavimba, akavimba, akavimba, pu! Kimya.

Siku ya mazishi sanduku liliwekwa katikati ya uwanja, kando ya kaburi lililokwisha kuchimbwa, kofia na kipaza sauti juu yake. Fisi, katibu wa timu, akasoma wasifu wa marehemu, macho yanalia, mdomo unacheka.

"Marehemu aliwapenda makocha!"

"Wote kumi na mmoja," mtu akanong'ona nyuma.

"Marehemu aliupenda uwanja huu!"

"Hasa majani yake."

"Shii! Maiti hasemwi," akaguna Nyati. Huyu alikuwa mwenyekiti wa timu, jitu la mapembe, na kazi yake miaka yote ilikuwa kuitikia.

Fisi akakunja karatasi. "Na wosia wake ni huu. Azikwe hapa hapa, katikati ya uwanja, na ujengwe ukuta kuzunguka uwanja wote. Ufunguo nitakaa nao mimi. Marehemu alisema, kama yeye hachezi, asicheze mtu."

"Ukuta?" akina mama wakaruka. "Na watoto je?"

"Vichaka si vipo?"

Pale nyuma alikuwapo Bi Digidigi, mama kijana, miguu kama njiti za kiberiti, mwanawe Chenga amelala mgongoni. Moyo wake du-du-du-du, angeshtuka hata kivuli cha nzi. Akatazama vichaka. Akamtazama Chenga. Akamfungua mgongoni, akampa jirani. "Shoga, nishikie. Nisipotoka humo, umlee."

"Humo wapi?"

Mbio! Akapita katikati ya miguu ya Nyati, akanyakua kofia na kipaza sauti juu ya sanduku, akajitupa kaburini, pu!

"Jamani! Nini hicho?"

"Mtani!" ikatoka sauti shimoni. "Mtani wa marehemu nimelala kwangu!"

Sasa wanangu, ukoo wa Digidigi na ukoo wa Kiboko walikuwa watani. Babu zao waligombea dimbwi moja la maji mpaka wakachoka, wakaishia kuchekana. Na mtani msibani ana ruhusa yake. Anavaa kofia ya marehemu, anaiga maneno yake, analala kaburini, na hapana wa kumkasirikia. Hatoki mpaka apewe anachotaka.

"Haya, mtani, umechekesha," akasema Nyati. "Chukua kitenge, utoke."

"Sitaki kitenge."

"Debe la mahindi."

"Sitaki mahindi."

"Unataka nini, kinyama wewe?"

"Nataka marehemu asizikwe uwanjani."

Fisi akacheka, hii-hii-hiii! "Utani una mpaka wake! Mwenyekiti, kamata sepetu. Mfukie humo humo, wawe wawili."

"Aa, katibu, mila..."

"Mila itanipa ufunguo? Fukia!"

Nyati akashika sepetu. Dongo la kwanza likaanguka, bwaa! Likampata Bi Digidigi begani. Jirani akapiga ukunga, Chenga akaamka akaanza kulia, "Mama! Mama!" na kule shimoni moyo hauendi du-du tena, unaenda drrrrr kama cherehani. Aruke atoke? Ataruka wapi, na kaburi la kiboko lina kina cha nyumba?

Akajitupia kofia kichwani, ikamfunika mpaka mabegani. Akaweka kipaza sauti mdomoni. Akafumba macho.

"HAPA NANI MWENYE TIMU?"

Shimo likavuma. Uwanja wote ukatetemeka. Na wote, bila kufikiri, kama walivyozoea:

"Wewe, Bosi!"

Sepetu ikamdondoka Nyati. Akasimama wima, tumbo ndani.

"Nyati! Kaa!"

Nyati akakaa.

"Simama! Nani kakuambia ukae?"

Nyati akasimama. "Samahani, Bosi."

"Katibu! Mbona unacheka msibani? Una furaha?"

"Ha-hapana, Bosi!" Fisi akajifuta mdomo kwa mkia.

Mjane wa marehemu, Mama Kiboko, mama mpole ambaye hakuwahi kumaliza sentensi nyumbani kwake, akajifunika kanga usoni. Mabega yalimtikisika. Watu wakadhani analia.

"Na nani mpumbavu kachimba kaburi hapa? Juani! Mimi Kiboko! Ngozi yangu ipasuke kama kibuyu? Mmesahau mimi ni wa majini?"

"Ni... ni wosia wako, Bosi," Fisi akasema kwa sauti ndogo.

"Wosia wa jana! Leo nimebadili, na ukuta sitaki! Kocha wa kumi nilimbadili asubuhi, wa kumi na mmoja jioni, nitashindwa kubadili kaburi? Unabishana na mimi, katibu? Unataka kwenda kwa mkopo kwa Simba?"

"Hapana, Bosi! Bebeni! Bebeni, jamani, Bosi amesema!"

Mngewaona! Nyati mbele, Fisi nyuma, Kifaru huku, Nyumbu kule, hup! hup! hup! sanduku linayumba, vumbi linatimka, na Kasuku juu yao na sauti yake mbovu, "Kaza mwendo! Kaza mwendo!" Wakafika ukingoni mwa mto, wakachimba, wakashusha, wakafukia, wakashindilia kwa kwato, wakapanda na mua juu. Wakajifuta jasho.

Ndipo Fisi akakuna kichwa.

"Mwenyekiti. Ngoja kwanza. Nani katuamuru tuje huku?"

"Bosi."

"Bosi si ndiye tuliyembeba?"

Nyati akatazama kaburi. Akatazama kwato zake zenye matope. Chura mmoja akalia, kro! kro!

"Basi tumfukue!" akafoka Fisi. "Mfukueni!"

"Afukuliwe na nani?" Ilikuwa sauti ya Mama Kiboko, na safari hii alimaliza sentensi. "Udongo ukishamwagika haurudi. Miaka ishirini nimemsubiri mtu wa kumwambia mume wangu atoke uwanjani. Leo ametoka. Mwacheni alale."

"Na huyo kinyama je? Katudhalilisha!"

"Mtani hakasirikiwi, katibu. Ukikasirika, jamaa watajua lilikuchoma."

Fisi akajitahidi kucheka. Hii... hii... Kicheko kikaishia kooni.

Kule uwanjani jirani alishusha kamba kaburini, akamvuta Bi Digidigi, amejaa udongo, kofia ingali kichwani. Akamkumbatia Chenga mpaka mtoto akalalamika, "Mama, unanibana." Akina mama wakalifukia lile shimo wenyewe, wakalikanyaga kwa vigelegele. Jioni ile ile, jua bado liko juu ya miti, watoto walikuwa wanapiga danadana pale pale. Chenga akapanda juu ya kichuguu, kofia ya Bosi imemmeza mzima, akaita kwa kisauti chembamba:

"Hapa nani mwenye timu?"

Na watoto wote: "Sisi!"

Hadithi nimeitua, mwenye mgongo aibebe. Na neno lake ni hili: aliyezoea kutii kofia, haangalii kichwa kilichomo.