Nzi wa Bwana Shamte

Bwana Shamte alikuwa tajiri bahili; akipika pilau, majirani waliambulia harufu tu. Siku moja alimwita mpangaji wake, Kidawa.

"Wageni wangu wako njiani na nyumba imejaa nzi! Watoe, ama sivyo hama!"

"Nitawatoa, bwana. Lakini usiniingilie."

"Fanya utakalo!"

"Nitakalo lolote?"

"Lolote! Naapa!"

Bwana Shamte akaenda kuoga. Alipotoka, hakumwona nzi hata wa dawa. Akacheka mpaka tumbo likamtikisika.

"Kidawa! Umewafanyaje?"

"Nimetoa sufuria ya pilau, wakaifuata wenyewe," Kidawa akajibu kutoka uani, katikati ya majirani waliokuwa wakiramba vidole. "Karibu, bwana. Ukoko umebaki."