Kiti cha Mpingo na Lugha ya Maswali

Hapo zamani, na nyie wa nyuma acheni kunong'ona, palikuwa na Malkia Mwanashali aliyechoshwa na washauri wake. Akiuliza swali leo, jibu linamkuta mwenye shida keshazikwa. Akatangaza: "Nitungieni lugha ya kuulizia. Kila swali litakalosemwa kwa lugha hiyo lijibiwe kabla wali wangu haujaiva. Na kila swali linaloweza kujibiwa upesi hivyo, lisemeke humo. Atakayeweza, atakaa kiti cha mpingo kando yangu."

Zawena akaitunga. Mwanamke hodari, lakini alikuwa na donda moja: wifi yake Mkasi. Zawena akipika, mume husifu mchuzi wa dada yake. Akivaa, huambiwa Mkasi angependeza zaidi. Basi kiti kile alikitaka kwa roho yake yote, Mkasi amwone amekikalia.

Siri ya lugha yake ilikuwa neno "rudia". Malkia akauliza, "Habari akipewa mtu mmoja, itaufikia mji mzima?" Zawena akasema, "Aliyesikia amwambie jirani. Rudia mpaka asiongezeke msikiaji." Maji ya wali hayajachemka, jibu lipo! Vigelegele.

Malkia akasema, "Sasa mabibi wa ukumbi wangu. Nina mgeni leo, nataka wacheze wawili wawili. Je, watatosheana, au atabaki mmoja aaibike?"

Hapo ndipo penye kazi. Kuhesabu watu kwao ni mwiko, eti ni kuwatia kijicho. Na mabibi wale walivaa sare, cheo kimoja, hakuna wa kumtangulia mwenzake. Zawena akaamuru, "Mmoja avae kikuku!" Yupi? Lugha haikuwa na njia ya kumchagua. "Asiye na kikuku avae!" Wote wakainama, wakavaa. "Mwenye kikuku avue!" Wote wakavua. Vaa, vua, vaa, vua, ukumbi ukacheka mpaka machozi. Zawena alitamani ardhi ipasuke.

Mkasi akainuka. "Wifi, si uwapange mstari tu? Mstari wowote."

Lo! Mabibi wakapigana vikumbo, kila mmoja anataka mbele. Mpaka mmoja wao, Bi Mwanasiti, akasema, "Haya, mkia nitakuwa mimi. Nichekeni." Wakamcheka kweli, kisha wakaona haya, wakajipanga.

Mkasi akayachukua maneno ya Zawena, huku Zawena mwenyewe akiangalia. "Wa kwanza avae kikuku. Aliye nyuma ya mwenye kikuku asivae. Aliye nyuma ya asiye nacho avae. Rudia mpaka mwisho." Bi Mwanasiti, wa mwisho, hakuvaa; kila mwenye kikuku nyuma yake ana mwenzake asiye nacho. Kumbe wanatosheana! Malkia akaugeuza mstari, wa nyuma akawa mbele. Jibu lile lile. Ndipo wali ukaiva.

Zawena akaruka kwa wivu. "Maneno ni yangu! Malkia aliomba lugha, hakuomba foleni. Hawa watu walizaliwa na mstari?"

"Maneno yako bila mstari wangu yaliwavisha watu na kuwavua, basi," Mkasi akajibu.

"Na mstari wako bila mimi ungekuwa ngumi tupu," akasema Bi Mwanasiti. "Nyie mmepata sifa, mimi naitwa mkia."

Malkia akasema, "Kiti ni kimoja. Tokeni nje mkapatane. Anayestahili atangulie kuingia."

Wakatoka, wasipatane. Wakarudi mlangoni. Zawena kutia mguu, Mkasi kamvuta nguo. Mkasi kutia mguu, Zawena kamziba. Wakamgeukia Bi Mwanasiti: "Wewe ulishakubali nyuma, kaa huko huko!"

"Leo sitaki," akasema, naye akajipenyeza.

Wakakwama watatu mlangoni, wali unapoa, mgeni anaangalia. Zawena, bega limebanwa na bega la wifi yake, anakiona kiti kile kitupu, na hawezi kusogea.

Mimi siwatoi pale. Watoeni nyie: mwenye maneno, mwenye mstari, au aliyekubali kuwa mkia. Je, nani alistahili kuingia wa kwanza?