Kakakuona Alikuwa na Kiu Tu

Paukwa!
Pakawa!
Na nyie wa nyuma?
Tupo!
Basi sogeeni motoni, na anayetafuna karanga atafune polepole.

Hapo zamani za kale, Kakakuona alipenda soga kuliko wanyama wote. Lakini porini hakuwa na wa kuzungumza naye. Mchwa hawana maneno, tena yeye mwenyewe huwala. Akasema, "Nitahamia kwa wanadamu, nipate majirani."

Akafika kijijini kwa Jumbe Mahimbo, kiu imemkaba. Akapiga hodi kwa Bibi Nambua, akaomba maji, akapewa, akanywa. Kumbe watu wa huko waliamini kila afanyalo kakakuona ni utabiri. Bibi Nambua akapiga yowe:

"Jamani, njooni! Kakakuona amekunywa maji! Mwaka huu mafuriko!"

"Nina kiu tu, bibi."

"Mnasikia? Anatuficha!"

Watu wakabeba vitanda vyao, wakahamia mlimani.

Kesho yake mvua haikuonekana, wakateremka na vitanda vyao; jua lilikuwa kali. Kakakuona akajilaza kwenye kivuli cha ngao iliyoegemezwa ukutani.

"Kakakuona amelala chini ya ngao! Vita!"

"Natafuta kivuli tu, jamani."

"Mnasikia? Anatuficha!"

Wanaume wakanoa mikuki, wakaenda kuwatukana watu wa ng'ambo ya mto, waliokuwa wakivuna mtama wao bila neno na mtu.

Siku ya tatu akaenda kumwamkia Jumbe. "Shikamoo, Jumbe." Kabla hajaitikiwa, vumbi likamwingia puani. Chya!

"Kakakuona amempigia Jumbe chafya! Jumbe anakufa!"

"Vumbi tu, jamani!"

"Mnasikia? Anatuficha!"

Jumbe akalazwa mkekani, akafunikwa shuka, vilio vikaanza. Mke mdogo alikuwa ameshaanza kugawa masufuria.

"Mimi mzima!" Jumbe akafoka.

"Pole, marehemu," wakamjibu. "Tulia."

Hapo Bibi Nambua akasema, "Siri zake zimo kwenye magamba. Tumbandue, kila nyumba ipate gamba moja la bahati!"

Visu vikatoka. Kakakuona akajikunja akawa mviringo, kichwa tumboni. Uchungu ukamshika kweli. Alikuja kutafuta majirani, nao wanataka ngozi yake. Mara akacheka kimya kimya, kisha akapaza sauti:

"Haya, leo natabiri kweli! Wa kwanza nitakayemtazama usoni, huyo ndiye atakayelisha kijiji kizima kwa ghala lake mpaka mavuno!"

Visu chini! Wanaume wakajificha nyuma ya ngao. Bibi Nambua akatumbukiza kichwa mtungini. Jumbe akavuta shuka mpaka utosini, akasema, "Endeleeni kulia, jamani, mimi nilishakufa!"

Kakakuona akajikunjua, akapita katikati yao taratibu. Akafika mtoni, akanywa maji mpaka akashiba. Hakuna aliyepiga yowe. Akasikiliza tena, kimya. Akaona raha, na tangu siku hiyo anaishi peke yake.

Hadithi nimeiacha pale mtoni, anayeitaka akaichote.

Nanyi mkimwona mtu amejitenga, mlango kaufunga, msiseme anachukia watu. Huenda aliwapenda sana, wakamchosha.

Haya, nipeni kata ya maji, koo limenikauka. Na wewe bibi hapo, usinikodolee macho. Hakuna mafuriko. Nina kiu tu.