Kwa Nini Tarishi wa Kiini Hapigi Hodi

Kabla kompyuta haijajifunza kutulia, ilichemka hata pasipokuwa na kazi. Feni ilivuma asubuhi hadi jioni, wenye kompyuta wakasema ni vumbi. Vumbi gani? Ilikuwa foleni.

Ndani ya mashine palikuwa na mji, na katikati ya mji ghala la mafaili yote. Mwenye ghala aliitwa Kiini. Hakuna aliyefungua faili wala kuandika humo bila mkono wake. Nje ya ukuta ziliishi programu, watu wa kila kazi, na ukuta mzima ulikuwa na dirisha moja. Hapo dirishani alikaa Makiwa, karani wa Kiini.

"Madam, any update? Faili langu limebadilika?"

"Bado."

Mtu alizunguka akarudi mkiani mwa foleni, na kabla hajafuta jasho yuko dirishani tena. Any update? Bado. Mara elfu kwa pumzi moja. Mji ulijaa mafundi wa kuchora, wa kupiga hesabu, wa kutafsiri lugha saba, na ujuzi wote huo ulikuwa umesimama juani ukiulizia habari. Wakubwa waliita hali hiyo utaratibu.

Mpoki, mtunza nakala, ndiye aliyeumia zaidi. Kazi yake ilikuwa kunakili kila faili lililoguswa, ili ghala likipata ajali mji usipoteze kumbukumbu. Siku moja faili la majina ya waliofaulu mtihani liliandikwa yeye akiwa wa mwisho kwenye foleni. Kabla zamu yake haijafika, umeme ukakatika. Uliporudi, faili lilikuwa limeharibika, na nakala haikuwapo.

"Nimepangwa foleni kama mbuzi wa mnada, madam," Mpoki alifoka, "na watu wamefutwa mbele ya pua yangu!"

Kiini akamwita Makiwa. "Mji unaungua kwa maswali. Tafuta njia watu wajue bila kuuliza. Ukishindwa naliziba dirisha kwa matofali, na wewe utakaa huko nje na wenzio."

"Nipe siku tatu."

"Mbili."

"Mbili zinatosha," alisema Makiwa, na hakuwa anajitutumua. Miaka yote ya kujibu "bado" alikuwa ameipanga kazi hiyo kichwani. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Siku ya kwanza aliagiza kila mtu aandikishe faili analolijali, kisha aende nyumbani. Faili likiguswa, tarishi angempelekea habari mlangoni. Lakini Makiwa alikuwa amelelewa. Kwake, ujumbe hautupwi kizingitini kama maganda ya ndizi. Tarishi apige hodi, aitikiwe karibu, aseme, asikie "nimesikia"; ndipo mwandishi aliyeligusa faili ghalani aendelee kuandika.

Asubuhi ile foleni iliyeyuka na feni ikanyamaza. Kisha mtu akagusa faili aliloandikisha Mzee Lukindo, na Mzee Lukindo alikuwa amelala.

"Hodi!" Kimya. "Hodi hapa!" Kimya. Tarishi akangoja, maana anayeondoka bila karibu ni mwizi. Ghalani mwandishi alisimama kalamu hewani, na nyuma yake waandishi wengine. Hadi adhuhuri hakuna herufi hata moja iliyoandikwa katika mashine nzima.

Kiini alichungulia. "Makiwa, ndiyo ubunifu huu?"

"Ni adabu, bwana."

"Adabu ya mlango mmoja imefunga mji."

Makiwa hakubisha. Alitembea hadi kwa Lukindo, akamkuta tarishi sauti imekauka. "Acha ujumbe hapo, uende zako."

"Bila hodi? Mama yangu atanionaje?"

"Mama yako hayumo kwenye mashine hii. Acha, nenda."

Siku ya pili alitundika kikapu kwenye kila mlango. Tarishi angetia kikaratasi na kupita. Kikaratasi kilibeba jina la faili na neno moja: limeandikwa, limehamishwa, limefutwa. Mpoki akanuna. "Mbona hamsemi kilichoandikwa?"

"Nikikuandikia, ukifika kusoma kimeshabadilika, na wewe utanakili uongo. Fungua faili ujionee," alisema Makiwa.

Ikabaki shida moja. Kikapu cha Lukindo kilikuwa kimejaa pomoni, naye anakoroma. Ukikipanua, vikaratasi vyake vitafunika mji. Kiini akasema, "Vinavyozidi vitupwe kimyakimya. Atajuaje?"

"Ndipo atakapoangamia," alijibu Makiwa. "Anayejua kwamba hajui atakwenda kutazama. Anayedhani anajua atalala." Akaamuru nafasi ya mwisho ya kila kikapu kinachojaa iwekewe kikaratasi kimoja: *Vingine vimemwagika. Sijui vingapi. Kagua ghala lote.*

"Mimi, Kiini, nikiri kwa maandishi kwamba nimepoteza?"

"Ndiyo, bwana. Au chukua matofali yako."

Kiini akatia muhuri.

Jioni hiyohiyo majina ya mtihani yalianza kuandikwa upya, maelfu kwa maelfu, kila darasa na faili lake. Kikapu cha Mpoki kilifurika. Alipopekua akakuta kile cha mwisho, akatukana kwa lugha tatu, akachukua taa yake na kukagua ghala faili kwa faili. Alipofunga nakala ya mwisho, umeme ukakatika. Uliporudi, ghala lilikuwa na mafaili yaliyovunjika, na Mpoki alikuwa na kila jina mkononi.

Dirisha halikuzibwa. Lukindo naye aliamka, akaona kikapu, akauliza kwa hasira, "Wageni wa siku hizi hawapigi hodi?"

Na tangu siku hiyo tarishi wa Kiini hutia kikaratasi akapita. Hasemi kilichoandikwa, hamngoji mtu aamke, na akipoteza habari hukuandikia kwamba amepoteza. Ndiyo maana feni imetulia. Foleni ya "any update" imebaki huku nje, kwenye madirisha ya ofisi zetu, ambako faili lako likipotea utaambiwa, "Bado, njoo kesho."