Chakula cha Gogo

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kwa uvivu, kama vile nimekuja kuwakopa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia watu. Na wewe uliye karibu na chungu cha viazi, ondoa mkono, havijaiva bado.

Hapo zamani za kale, wakati watu na wanyama walipokuwa wakisemezana bila mkalimani, palikuwa na nchi iitwayo Makorongoni. Mlimani kulikuwa na chemchemi ya maji matamu, baridi ya kuuma meno. Lakini kati ya chemchemi na makazi palikuwa na korongo lenye kina hata ukitupa jiwe unasahau kwamba ulitupa. Basi mababu wakakata gogo kubwa, wakalichimba katikati kama mtumbwi, wakalilaza juu ya korongo. Maji yakapita ndani ya gogo, yakaingia bwawani, na kutoka bwawani yakateremka kwa mfereji mpaka mashambani.

Sasa gogo nalo huzeeka. Likichakaa, panahitajika siku tisa za msaragambo, yaani kazi ya wote: kukata jipya, kulichimba, kulivuta, kulilaza. Siku tisa hakuna aendaye shambani wala malishoni, na tumbo halijui habari za msaragambo. Kwa hiyo mababu waliweka ada. Kila mavuno, kila nyumba ilete pishi moja ya mtama, iwekwe ghalani kando ya bwawa, iwangoje wafanyakazi wa siku hizo. Mtama huo uliitwa chakula cha gogo, na hakuna aliyethubutu kuuonja.

Mwisho kabisa wa mfereji, mkiani kunakofika matone ya mwisho, aliishi mjane aitwaye Nakijwa. Alikuwa na shamba dogo la magimbi, na magimbi, mnajua wenyewe, bila maji ni majani tu. Nakijwa aliliogopa jambo moja duniani. Shamba lile lingekauka, ingembidi ahamie bondeni kwa kaka yake, na wifi yake ni mtu wa kuhesabu matonge. Ukila la nne anakuuliza kama ulifunga jana. Kila Nakijwa alipokumbuka sauti ya wifi yake, alishika jembe akapalilia hata pasipo na magugu.

Mkuu wa nchi alikuwa Tembo. Mzee mwema, sikatai, ila alijipenda kidogo. Asubuhi alikunywa. Mchana alikunywa na kuoga. Jioni alikunywa, akaoga, akajimwagia tena nyuma ya masikio, kwa kuwa mkuu wa nchi hapaswi kuwa na vumbi nyuma ya masikio. Na mavuno yakifika alileta pishi yake moja kifua mbele.

"Makorongoni tuna haki," alisema. "Mkubwa pishi moja, mdogo pishi moja."

Aliyeumia na haki hiyo ni Pimbi. Pimbi mnamjua, mnyama wa mawe, mdogo, hana hata mkia. Alikuwa na mke na watoto kumi na mmoja, na wote wakinywa kwa pamoja hawamalizi kata moja. Kila mavuno alibeba pishi yake akipumua kwa shida, akimpita Tembo anayeoga.

"Mimi nalipia maji," Pimbi alimwambia Nakijwa, "au nalipia masikio ya mtu?"

Mwaka mmoja Pimbi akakataa kulipa. Panya wakamfuata, kanga wakawafuata panya. Tembo akaitisha mkutano. Hapo akasimama Nyani, msemaji hodari, aliyekaa juu kabisa karibu na bwawa na ambaye hakuwahi kuona mfereji mkavu maishani mwake.

"Ndugu zangu," akasema, "tunagombania nini? Chakula hiki ni cha nani?"

"Cha gogo."

"Gogo lina mdomo?"

"Halina."

"Lina meno?"

"Halina."

"Lina tumbo?"

"Halina."

"Basi sisi wenye midomo, wenye meno, wenye matumbo, tunakosa akili gani?"

Weee, nyinyi mnacheka, lakini mngekuwepo mngepiga makofi. Nao walipiga makofi. Ada ikafutwa siku hiyo hiyo, ghala likafunguliwa, pombe ikapikwa, watu na wanyama wakala chakula cha gogo siku tatu wakicheza. Hata Pimbi alicheza. Tembo alifurahi kuliko wote, maana sasa kila mtu alimpenda. Nakijwa pekee alikaa pembeni na kibuyu chake, akisema moyoni kwamba bibi yake angekuwa hai, angewachapa wote kwa mwiko.

Mwaka wa kwanza ukapita. Nakijwa aliona maji mferejini kwake yamepungua upana wa kidole. Akashika jembe lake, akapanda mlima, akakuta gogo limepasuka ufa mwembamba na tone linaanguka korongoni, to, to, to. Akaenda kwa mkuu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu."

"Gogo linavuja. Tuliwekee chakula chake."

Tembo akatazama bwawa, limejaa hadi ukingoni. "Mbona mimi siyaoni hayo maji yaliyopungua? Nenda ukapumzike."

Mwaka wa pili maji yakapungua upana wa kiganja. Nakijwa akapanda na jembe lake, akakuta ufa unaingia mkono. Akaenda kwa Nyani.

"Gogo linavuja. Tuliwekee chakula chake."

"Maji hayajapungua, mama," Nyani akajibu, akitafuna. "Ni umri tu. Mtu akizeeka kila kitu hukiona kidogo."

Mwaka wa tatu maji yalimfikia Nakijwa kama machozi ya mtoto anayejilazimisha kulia. Magimbi yakaanza kuinamisha majani. Akapanda mara ya tatu, akaona uyoga umeota kwenye gogo, mnene, mweupe, umestawi kuliko shamba lake. Akaenda kwa Pimbi.

"Gogo linavuja. Tuliwekee chakula chake."

Pimbi alijua mama huyu hasemi uongo. "Nakijwa, dada yangu," akasema, "mimi siwezi tena kubeba sawa na Tembo. Wakitafuta pishi ya kimo changu, niite."

Nakijwa aliteremka polepole akiwa na hasira, na hasira yake ilikuwa kwamba Pimbi amesema kweli.

Haikupita wiki. Siku ya gulio, mchana kweupe, gogo likalia kaa, likakatika katikati, likaenda chini ya korongo. Maji ya chemchemi yakalifuata. Bwawani yakabaki yaliyokuwemo, na basi.

Mkutano ukaitishwa mbio. Lile ghala lilipofunguliwa, mlikuwa na buibui mmoja, naye amekonda.

"Kila nyumba pishi mbili," akasema Tembo.

"Utazipata kwenye mkia wangu," akasema Pimbi, naye hana mkia.

Zogo likaanza. Wakubwa wanasema wadogo ni wengi, wadogo wanasema wakubwa ni wakubwa. Nakijwa akasikiliza, na katikati ya zogo akaisikia sauti ya wifi yake ikihesabu, moja, mbili, tatu, hilo la nne. Akainuka. Akaingia bwawani na jembe lake, akachomeka mpini wake wima katika tope, akatoa kisu.

"Kunyweni," akasema. "Kila nyumba inywe na kutumia kama ilivyofanya jana. Nitakata alama maji yanapoanzia na yanapoishia. Atakayeshusha maji kidogo, atoe kidogo. Atakayeshusha mengi, atoe mengi."

Akaanza Pimbi na mkewe na watoto kumi na mmoja. Wakanywa mpaka mtoto wa mwisho akapata kwikwi. Nakijwa akainama kutazama mpini. Maji hayakushuka hata unene wa ukucha.

Akaja Nyani. Nyani si mjinga. Akagusa maji kwa mdomo, akasema, "Leo sina kiu." Lakini alikuwa ametafuna mahindi makavu tangu asubuhi. Akaenda kukaa juu ya jiwe, akameza mate, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akarudi akanywa kama aliyetumwa. Alama ikashuka kidole kimoja.

Ikafika zamu ya Nakijwa mwenyewe. Akachota kibuyu cha kunywa, halafu akachota madebe ya kumwagilia magimbi, kama alivyofanya kila siku tangu maji yapungue. Mpini ukaonyesha vidole viwili.

"Wewe umemzidi Nyani," mtu akasema.

"Nimeona. Nitatoa zaidi ya Nyani," Nakijwa akajibu, ingawa roho ilimuuma.

Mwishowe Tembo. Akanywa. Akaoga. Akajimwagia nyuma ya masikio. Alipotoka, mpini ulikuwa umesimama nje ya maji dhiraa nzima, unang'aa kwa utelezi. Mtoto mdogo wa Pimbi akacheka, mama yake akamziba mdomo.

"Mpini huo umechongwa vibaya," Tembo akasema.

Wakaugeuza juu chini, lakini ukubwa wa dhiraa haukubadilika.

Tembo akautazama ule mpini muda mrefu. Masikio yake makubwa yakalala. Aliona aibu, na nasema wazi, aliona aibu ya kweli, kwa sababu miaka yote ile alidhani yeye ni mwenye haki.

"Nikilipa hiyo," akasema kwa sauti ndogo, "sina mtama wa kutosha. Sina hata wa kuanzia."

"Mzee," akasema Nakijwa, "nani amekuomba mtama? Una mgongo, una mkonga, una pembe mbili. Gogo jipya liko msituni, linahitaji wa kulivuta. Hiyo ndiyo pishi yako."

"Na wafanyakazi watakula nini siku tisa?" akauliza Nyani. Safari hii hakuuliza kwa kejeli, aliuliza kwa sababu yale mahindi yalikuwa ya mwisho nyumbani kwake.

Mtama wa mavuno yaliyopita ulikuwa umekwisha majumbani. Nchi nzima ilikuwa na kitu kimoja tu kilichobaki ardhini, na Nakijwa alijua kiko wapi. Akateremka mpaka mkiani, akaingia shambani kwake, akang'oa magimbi yote, machanga, madogo kama vidole gumba, kabla ya wakati wake. Alilia kidogo akiyang'oa. Vichwa vyake akavikata, akavifukia kwenye tope lililobaki, maana gimbi likipandwa kichwa huchipua tena, maji yakiwepo. Yasipokuwepo, basi kwa wifi.

Siku tisa walifanya kazi. Nyati walikata njia, Nyani akafunga kamba, vigong'ota wakachimba gogo ko, ko, ko mpaka midomo ikafa ganzi. Pimbi na watoto wake waliingia ndani ya gogo wakaziba kila tundu kwa lami ya miti, mahali ambapo mkubwa hawezi kuingiza hata pua. Tembo alivuta. Alivuta akaanguka, akainuka, akavuta. Na siku zote tisa hakuoga. Mngekaa upande ule upepo unakoelekea mngenielewa. Jioni walikula magimbi ya Nakijwa, kila mmoja kiganja kimoja, na hakuna aliyehesabu matonge.

Siku ya tisa maji yakapita juu ya korongo. Yakajaza bwawa, yakampita Nyani, yakampita Tembo, yakampita Pimbi. Nakijwa alikuwa amechuchumaa mkiani tangu alfajiri, mkono ndani ya mfereji mkavu. Maji yakamfika kwenye vidole, yakapanda kiganja, yakapanda kifundo. Akavitazama vichwa vya magimbi vilivyofukiwa, akacheka peke yake.

Tangu hapo mpini ule ulichomekwa bwawani daima, na ufunguo wa ghala akapewa anayeishi mkiani. Walisema wa juu maji yakiisha ataambiwa, wa mkiani atajua mwenyewe.

Mavuno yaliyofuata, Nakijwa alikuja na ufunguo wake kupokea chakula cha gogo, kila mtu kwa alama yake. Pimbi akaleta kibaba kimoja, akakibeba kwa mkono mmoja akipiga mluzi. Nyani akajikuna.

"Lakini ndugu zangu," akasema, "gogo ni jipya. Halina ufa, halina uyoga. Tunalilisha nini? Kwani gogo lina mdomo?"

Wote wakageuka kumtazama mkuu. Tembo alikuwa ametua mzigo wake, mkubwa kuliko wa wote, anatokwa jasho.

"Lina," akajibu. "Ni huo unaoongea nao. Weka mtama wako."

Nyani akaweka.

Na mpaka leo, wakati wa kiangazi mito ikikauka, nendeni mkaone. Tembo huchimba mchanga kwa mguu na mkonga mpaka maji yatokee. Hunywa, kisha huondoka na kukiacha kisima wazi, na nyuma yake huja swala, kanga na pimbi wakanywa. Watu husema ni wema tu. Mimi nasema analipa alama yake, na bado hajaimaliza.

Hadithi yangu imeishia hapo, kama maji, mkiani. Viazi sasa vimeiva. Aliyeleta kuni nyingi aanze kupakua, na wewe uliyekuja mikono mitupu, kesho njoo na mzigo wako.